Sigara Ambayo Beverley Hakuivuta

Beverley Entwistle alikuwa mwongo wa jambo moja tu. Kwa mengine yote ungemwachia funguo za nyumba, mkoba na mtoto, ukaenda zako ukalala usingizi wako. Ahadi zake alitimiza, na kwa miaka kumi na tisa aliyowavusha watoto barabara mbele ya shule ya msingi ya Thornden, mji mdogo wa Uingereza, amevaa koti la njano na kushika fimbo yenye kibao cha duara, hakuna dereva wa jimbo la Lancashire aliyethubutu kumletea mchezo. Lakini muulize habari ya sigara. Hapo Beverley alikudanganya macho makavu, na moshi bado unamtoka puani.

Binti yake Kirsty alilijua hilo tangu akiwa na miaka tisa. Siku zile kifua kilikuwa kinambana mtoto. Baridi ikiingia tu, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, na mama alikuwa amemwapia kwamba sigara ameacha, tena kabisa. Siku moja Kirsty akatumwa nje kuanua nguo. Akatia mkono kwenye mfuko wa vibanio, akatoka na pakiti ya sigara na kiberiti. Alivirudisha palepale, akaendelea kuanua nguo, na ule mzigo akaubeba moyoni miaka ishirini na saba.

Aliutua mwaka jana, alipokuja na mimba ya miezi mitano, akakaa kwenye kochi la mama yake, akasema yote. Beverley hakupata pa kuweka uso. Kirsty hakufoka. Alisema tu kwamba mtoto akizaliwa, bibi atamwona kila anapotaka, lakini kulala kwenye nyumba ile hatalala mpaka sigara iishe, na safari hii hatasikiliza maneno ya mtu, anataka kitu kilichoandikwa.

Basi Nell akazaliwa mwezi wa sita, katoto kanono kenye nywele nyekundu zilizosimama wima. Beverley alikapenda mpaka ikawa aibu. Alikuwa anaonyesha picha zake kwa madereva waliosimama kusubiri watoto wavuke. Na Kirsty akatoa tarehe. Yeye na mumewe walikuwa wamealikwa harusini Scotland, Jumamosi ya katikati ya Novemba. Kama mpaka siku hiyo mama atakuwa ameacha, na karatasi ya kliniki inasema hivyo, Nell atalala Thornden. Kama hajaacha, mama mkwe wa Kirsty alikuwa tayari kumchukua, na huyo mama mkwe, Beverley alivyomsimulia mumewe, alikuwa mwanamke wa kupika mboga mpaka zikafia chunguni.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Septemba Beverley akapanda ngazi za maktaba ya mji, kwenye chumba kidogo cha juu ambako kila Jumanne mshauri wa halmashauri aliwapokea watu wanaotaka kuacha sigara. Mshauri mwenyewe aliitwa Nazreen, binti wa palepale mjini, mpole, mwenye kalamu tatu za rangi tatu na sauti isiyopanda. Beverley aliwahi kumvusha barabara akiwa na meno mawili ya mbele hayapo.

Nazreen akamweleza mpango wa serikali. Na mpango huo, niseme tu, ulikuwa umewagawa watu mpaka kwenye foleni ya mikate. Mvutaji akienda kwa mshauri anapewa bure sigara ya mvuke, chaja yake, na vichupa vya maji yake vya wiki kadhaa, mradi akubali kuziacha zile za moto na kuja kupuliza kwenye mashine kila wiki. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imepiga marufuku sigara za mvuke za kuvuta na kutupa, mwezi wa sita uleule aliozaliwa Nell, kwa sababu watoto wa shule walikuwa wanazinyonya kama pipi na kuzitupa kila mahali. Mkono mmoja unanyang'anya, mkono mwingine unagawa. Malcolm, mumewe Beverley, alisema ni serikali ya watu wawili wanaolala kitanda kimoja na hawasemeshani.

Nazreen alikuwa ameshazoea maneno hayo. Alimwambia Beverley kwamba kinachomfunga mtu kamba ni nikotini, lakini kinachomuua ni moshi. Kwenye mvuke hakuna kinachoungua. Si kitu kizuri, ndiyo maana watoto hawapewi, na asiyevuta haambiwi aanze; ila kwa mtu wa miaka arobaini na tano ya sigara ni afadhali kubwa, na baadaye huo nao ataupunguza mpaka uishe. Malcolm aliposimuliwa hayo nyumbani akatikisa kichwa, akasema, haya, dawa ya moto ni moto.

Kisha ikaja mashine yenyewe. Ndogo tu, inajaa kiganjani, ina kibomba cha karatasi cha kupulizia. Unavuta pumzi, unaibana, unapuliza taratibu mpaka mwisho, inatoa namba. Inapima hewa ya sumu ya kaboni inayobaki mwilini mwa mvuta moshi. Chini ya kumi, wewe mzima. Zaidi ya hapo, ulikuwa na sigara mdomoni. Na mvuke, Nazreen akasisitiza, hauwezi kuipandisha namba hiyo hata ukiuvuta kutwa. Siku ya kwanza Beverley alipuliza, ikatoka ishirini na tisa. Nazreen akaiandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, Beverley akaitia kadi kwenye mkoba kama mwanafunzi aliyefeli.

Lakini akaacha. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyemtarajia, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alichagua mvuke wa ladha ya embe, embe ambalo halijawahi kuuona mti, na wakati wa zamu aliuacha mfukoni, maana kuvuta ndani ya koti la njano ni marufuku. Akimaliza anajificha nyuma ya ukuta wa kanisa. Watoto wakaanza kumuuliza mbona siku hizi ananukia kama peremende. Usiku alihangaika, mikono ikitafuta pakiti ambayo haipo. Alimgombeza Malcolm kwa namna anavyotafuna. Hata hivyo Jumanne ya pili mashine ikatoa tano. Ya tatu, tatu. Ya nne, tatu tena. Nazreen akaandika kwa kijani, na Beverley akapiga picha kadi akamtumia Kirsty bila neno lolote. Kirsty alijibu kwa moyo mmoja mwekundu, na Beverley akaenda chooni kulia.

Sasa nieleze nyumba yao, maana mambo yote yalikuwa humo. Ilikuwa nyumba ya mawe kwenye safu ya nyumba zilizoshikana, na chumba walichoishi hasa ni kile cha nyuma: kochi, televisheni, meza, na ukutani hita ya gesi ya zamani ambayo Malcolm aliipenda kama ndugu. Fundi aliyekuwa akiikagua kila mwaka alikuwa rafiki yake wa klabu ya mchezo wa kuviringisha tufe. Alipofariki, Malcolm aliona si adabu kumwita fundi mwingine haraka, na kusubiri huko kukafika miaka minne. Mlango wa nyuma ulifungukia kwenye chumba hichohicho. Miaka yote Beverley alivutia hapo kizingitini, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake kwa mume asiyevuta. Mara kumi, mara kumi na tano kwa siku mlango unaachwa wazi, na mara zote hizo Malcolm anapaza sauti kutoka kwenye kochi, "Funga mlango, Bev, hatukuajiriwa kupasha moto Lancashire nzima."

Sigara ilipokwisha, kelele za mlango zikaisha. Mvuke haunuki kama sigara, Beverley akawa anakaa ndani na mumewe, joto limetulia, na Malcolm akasema hajawahi kuona ndoa tamu kama hiyo. Mwishoni mwa Oktoba, wikiendi ile nchi nzima inaporudisha saa nyuma kwa majira ya baridi, aliwasha hita kwa nguvu. Kisha, kwa ajili ya Nell, akafanya anachofanya kila mwanaume wa mji ule anapochoka na upepo: akachukua magazeti ya zamani, akakishindilia kitundu cha kupitishia hewa kilichokuwa ukutani, akapiga utepe wa gundi juu yake. Kitanda cha mtoto, kilekile alicholalia Kirsty, akakishusha kutoka darini, akakifuta, akakiweka hatua mbili kutoka kwenye hita. Hapo ndipo penye joto kuliko kote, alisema.

Maumivu ya kichwa yakaanza wiki hiyohiyo. Beverley hakushangaa, alishaambiwa kwamba mwili ukinyimwa sigara hulalamika, akaongeza mvuke. Malcolm alisema ni mafua, msimu wake huo. Aliacha kwenda klabu, akawa anasinzia kwenye kochi kutwa, uso mwekundu kidogo, chai inapoa mkononi. Paka wao, mvivu ambaye miaka minane alilala mbele ya ile hita bila kulipa pango, alianza kukwaruza mlango, na akitolewa harudi. Alihamia kwa jirani. Beverley aliudhika akamwita mnafiki.

Jumanne ya kwanza ya Novemba mashine ikatoa kumi na nne.

Beverley aliitazama ile namba kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. Nazreen akamwomba apumzike, apulize tena. Kumi na nne. Yule binti hakumkaripia, ingekuwa afadhali angemkaripia. Alimsogezea kiti, akamwambia kwa upole kwamba hapa hakuna polisi, kuteleza si kuanguka, wengi humaliza wiki nane vizuri halafu kinatokea kitu, wanavuta moja, si dhambi. Ni kusema tu, tuandike, tuendelee. Nyuma ya mlango kulikuwa na watu wanne wanasubiri. Nazreen alikuwa na macho ya kuchoka na mafua yake mwenyewe. Na Beverley, mwanamke wa mji ambao mtu akikukanyaga mguu wewe ndiye unayeomba radhi, hakuwa na moyo wa kumwambia binti mzuri kama huyo, mbele ya mashine ya serikali, kwamba mashine yake imekosea.

"Moja," akasema. "Ijumaa. Nilivuta moja."

Hakuwa amevuta. Alisema ili binti asione aibu, ili foleni iende, ili yaishe. Nazreen akamshukuru kwa ukweli wake, akaandika kwa nyekundu: kumi na nne, alivuta moja. Miaka arobaini Beverley alikana sigara alizovuta, na siku alipokuwa safi kama maji ya kisima, akakiri ambayo hakuivuta. Alishuka ngazi za maktaba miguu mizito, akijipa moyo kwamba wiki ijayo namba itashuka, na ile moja itasahaulika.

Kosa lake la pili ni kwamba hakumtumia Kirsty picha. Mtu aliyezoea kupokea picha kila Jumanne, isipokuja anajua. Kirsty akapiga simu Alhamisi, akauliza moja kwa moja, na Beverley akajikanyaga: kwamba mashine ilisema hivi, kwamba yeye alisema vile, lakini kwa kweli hakuvuta, alisema tu.

"Mama," Kirsty akasema mwishoni, "umewaambia wao ulivuta, unaniambia mimi hukuvuta. Nimwamini Beverley yupi?"

Akamwambia wangoje Jumanne inayofuata. Ikiwa chini ya kumi, sawa. Ikiwa juu, Nell anakwenda kwa bibi yake mwingine, na mama asikasirike. Beverley alikata simu akakaa kwenye kochi karibu na Malcolm anayekoroma, akatazama kile kitanda kitupu chenye blanketi alilolifuma mwenyewe, rangi ya maziwa, na roho ikamuuma kwa namna ambayo hakuwahi kuumwa. Aliyoyapanda kwenye mfuko wa vibanio alikuwa anayavuna sasa. Hapo angeweza kuvuta, na nani angemlaumu. Jirani alikuwa na pakiti. Hakuvuta.

Jumanne hiyo aliamka kichwa kinagonga na tumbo limechafuka. Aliwavusha watoto, hewa ya asubuhi ikamchangamsha kidogo, akarudi nyumbani akamwambia Malcolm avae koti, wanakwenda wote. Malcolm alisema hajisikii vizuri, magoti yake kama uji. Alimwambia atajisikia vizuri huko mbele. Leo anataka shahidi, mtu anayekaa naye kutwa, awaambie kwa mdomo wake kwamba mke wake hajavuta. Walitembea dakika ishirini, Malcolm akisimama kila nguzo ya taa.

Mashine ikatoa ishirini na mbili.

Nazreen aliweka kalamu ya kijani chini, akachukua nyekundu, akasita. Akasema, "Mama Entwistle, hatugombani hapa. Nakuomba tu unieleze."

"Sikuvuta."

"Wiki iliyopita..."

"Wiki iliyopita nilisema uongo," Beverley akasema. "Nilisema nilivuta nikiwa sijavuta, kwa sababu ulikuwa umechoka na mimi nikaona haya. Najua inavyosikika, mwanangu. Mimi mwenyewe nisingeniamini. Lakini tangu tarehe mbili ya mwezi wa tisa sijaweka moto mdomoni. Muulize huyu."

Malcolm, ambaye alikuwa ameketi amefumba macho, akasema ni kweli, hajavuta, angesikia harufu. Nazreen akaitikia kwa kichwa, ule mwitiko wa mtu mwenye adabu asiyeamini. Waume wote husema hivyo. Na Beverley aliuona mwitiko ule, akaona Jumamosi inamponyoka, akaona yule bibi wa mboga zilizofia chunguni amembeba Nell. Hasira ikampanda, si kwa binti, kwa ile mashine. Akaisukuma mezani mpaka mbele ya mumewe.

"Basi mpe na huyu apulize," akasema. "Huyu hajavuta hata nyasi tangu azaliwe. Tuone na yeye itamsingizia nini."

Malcolm alisema aachwe, yeye hakuja kuchezewa. Lakini ndoa ya miaka thelathini na tisa humfundisha mtu lini asibishe. Nazreen, nadhani kwa kutaka tu yaishe kwa amani, akabadilisha kibomba cha karatasi, akamwelekeza. Malcolm akavuta pumzi, akaibana, akapuliza.

Thelathini na moja.

Chini mtu alikuwa anapigiwa mhuri wa kitabu. Nazreen aliitazama ile namba, akamtazama Malcolm, uso na midomo yake vilivyoiva wekundu, akamtazama Beverley. Aliifunika kalamu nyekundu taratibu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ileile isiyopanda, lakini sasa ilikuwa na haraka ndani yake.

"Nyumbani mnaota moto wa aina gani?"

Maswali mengine yalifuata mbiombio: hita ya namna gani, ilikaguliwa lini, vichwa vinauma wote wawili, vikianza saa ngapi, wakitoka nje vinapungua? Beverley alikuwa anajibu na huku majibu yake mwenyewe yanampiga kifuani moja baada ya jingine. Ndiyo, wote. Ndiyo, nje vinapungua. Miaka minne. Paka amehama. Na kile kitundu cha ukutani, Malcolm akasema kwa aibu, yeye amekiziba. Ni hewa ileile, Nazreen akawaambia, mashine haijui kama imetoka kwenye sigara au kwenye gesi isiyoungua vizuri. Haionekani, hainuki. Ni ileile inayowaua watu waliofunga madirisha na kulala na jiko la mkaa ndani.

"Alamu ya moshi haikulia," Malcolm akasema.

Nazreen akamwambia ile inanusa moshi, na huu si moshi. Alikuwa ameshika simu tayari. Kwanza aliwapigia watu wa dharura wa gesi, akawapa anwani, akaagiza mtu yeyote asiingie ndani kabla yao. Kisha akaita gari la kuwapeleka hospitali wote wawili. Wale wanne waliokuwa wanangoja nje aliwaomba radhi, na mzee mmoja akasema hakuna neno, akavua skafu yake akamfunga Malcolm shingoni. Kabla hawajatoka, Nazreen alichukua kadi ya Beverley, akakata ule mstari wa wiki iliyopita, akamwomba msamaha. Beverley akamwambia asiseme upuuzi, msamaha ni wa kwake yeye, aliyedanganya.

Hospitali waliwavika barakoa za oksijeni kwa saa kadhaa, na Malcolm, ambaye siku kumi alijiona mzee wa kufa, kufika alasiri alikuwa anadai pai ya nyama. Daktari aliwaambia wameponea chupuchupu. Hita ile ingewashwa kwa nguvu zaidi, chumba kikafungwa usiku mmoja wa baridi kali, hadithi ingesimuliwa na majirani. Fundi wa gesi alikuta bomba la moshi limejaa kiota cha kunguru, vijiti na manyoya ya miaka, na kwenye kitundu cha ukutani magazeti ya Malcolm. Alikata gesi, akaibandika hita kibandiko chekundu, akauliza miaka yote hiyo hewa ilikuwa inapitia wapi.

Kirsty alikuja kesho yake mchana, Nell amefungwa kifuani. Aliwakuta nyumbani madirisha wazi, wazee wamevaa makoti na kofia wanakunywa chai kama watu wanaosubiri treni. Aliwakumbatia. Kisha akaingia mpaka katikati ya chumba, akasimama. Aliitazama hita yenye kibandiko. Aliutazama ukuta, kile kitundu sasa kipo wazi, utepe wa gundi unaning'inia. Halafu akakitazama kitanda, na blanketi la rangi ya maziwa lililokunjwa upande wa kichwa, na zile hatua mbili za zulia kati yake na hita. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake akauacha hapo.

"Angelala hapa," akasema. "Jumamosi. Ile namba ingeshuka tu, angelala hapa."

Malcolm alikuwa anatazama viatu vyake, machozi yanamdondokea kwenye kofia aliyoishika magotini; kile kitundu alikuwa amekiziba kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi. Beverley alitamani kusema kitu cha kumfariji mwanawe, kisha akaona kila faraja aliyonayo mdomoni ina harufu ya uongo kidogo, akaimeza.

Kirsty akageuka. "Na ile moja uliyowaambia. Ile ya Ijumaa."

"Sikuivuta."

"Hata nusu?"

"Hata nusu, mwanangu."

Kirsty akamtazama mama yake muda mrefu, kama alivyoitazama ile pakiti siku ya vibanio, safari hii bila kuficha. Kisha akafungua ule mkanda wa kifuani, akamtoa Nell na nywele zake zilizosimama, akamweka mikononi mwa bibi yake. Akasema kwamba Jumamosi Beverley atakuja kulala kwake, kwenye kitanda cha wageni, na Nell atakuwa chumba kimoja naye, mpaka nyumba hii ipate hita ya kuaminika. Na mvuke aje nao, asijifanye shujaa, akavutie nje. Beverley aliitikia kila neno. Mtoto alikuwa mzito kuliko wiki iliyopita, na alikuwa amemshika kidole.

Kisha Kirsty akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaufungua mpaka mwisho, akauegemeza tofali usijifunge. Baridi ya Novemba ikaingia moja kwa moja mpaka kwenye kochi, na nyuma yake, bila haraka, akaingia paka. Malcolm alikunja kola ya koti lake mpaka masikioni. Hakusema mlango ufungwe.